Nilivyomfariji Mama Zawadi Mapema Mno

Mimi ni daktari, ninasomea ubingwa wa patholojia hapa Stockholm. Kazi yangu ni kuchunguza kwa darubini vipande vya nyama vilivyokatwa mwilini mwa wagonjwa. Wagonjwa wenyewe siwaoni, na ni afadhali, kwa sababu mbele ya watu mdomo wangu hunitangulia.

Wiki jana nilikutana na jina ninalolijua: Mama Zawadi wa mtaa wa Alby, Mkongo anayenilisha sombe, kisamvu cha kwao, kila Jumapili baada ya ibada. Ilikuwa saratani ya titi, bado ndogo. Bingwa anayenisimamia alithibitisha, majibu yakapelekwa kwa daktari anayemtibu mama.

Jumapili, kanisani Fittja, Mama Zawadi alisimama kuomba maombi, akashindwa kumaliza kwa kilio. Nikajua ameshaambiwa. Tulipotoka nilimshika mkono, nikajiona daktari na mchungaji kwa pamoja.

"Jipe moyo, mama. Kameonekana mapema. Watakatoa, utapona."

Akanikazia macho. "Kameonekana nini, mwanangu? Miye nalilia dada yangu. Alikufa juzi kule Bukavu."

"Pole kwa msiba, mama," nilisema, na sauti yangu mwenyewe ikanisaliti.

Aliuchomoa mkono wake taratibu kutoka mkononi mwangu, akauweka juu ya titi la kushoto.

"Dokta alisema atanipigia kesho," akasema. "Kumbe weye unajua tayari."