Asali ya Mgonjwa

Wiki iliyopita nililala katika nyumba ya wageni karibu na stesheni ya Tabora. Asubuhi nilimkuta mama mmoja wa Sikonge mbele ya mwenye nyumba, amekumbatia kibuyu cha asali aliyokuwa akimpelekea mumewe, aliyelazwa hospitali ya Kitete.

"Jana uliniambia shilingi moja, nikakulipa," alisema mama.

"Hiyo ni ya kitanda. Bado taa, maji na blanketi."

"Mbona jana hukusema, baba?"

"Hukuuliza."

Mama alifungua pindo la kanga, akamwonyesha kwamba halina kitu. Mwenye nyumba akanyoosha mkono, akachukua kibuyu. Niliingia chumbani kutafuta hela. Niliporudi mama alikuwa ameshaondoka.

Kama bei hizo zingetajwa tangu jana, mama yule angelala zake stesheni, akaamka na asali yake.

Jioni nilimkuta kwenye lango la hospitali, macho yamemvimba. Nikamuuliza hali ya mgonjwa.

"Ameniuliza asali," alisema. "Nimemwambia mwaka huu nyuki wamehama. Akanipa pole."