Kiza cha Saa Nane Mchana

Wiki iliyopita vumbi liliufunika mtaa wa West Bay mjini Doha mchana kweupe, na mtoto mmoja katika kituo cha basi akajificha kwenye baibui la mama yake. Nikaikumbuka safari yangu na mama, nikiwa mdogo, ya kwenda kwa mama mkubwa, Kanada.

Ndege ilitushusha kwa saa chache katika nchi moja ya kaskazini kabisa. Mama, aliyekuwa dereva wa familia moja hapa Doha, alikodi gari ili anionyeshe theluji. Ndani mlinukia kahawa, na theluji ililia chini ya matairi kama mtu anayetafuna barafu. Kisha, saa nane mchana, jua likazama.

Madrasa nilifundishwa kwamba jua likiacha njia yake, ni Kiyama. Nikatamka shahada, halafu nikaitoa siri niliyokatazwa.

"Mama, baba anakohoa damu. Alisema nikikwambia hutosafiri."

Mama alisimamisha gari katikati ya ule weupe.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

Siku hizi najua kwamba huko, wakati wa baridi, jua huzama mapema. Siku ile niliona tu mama anatetemeka, nikadhani ni baridi. Aligeuza gari kurudi uwanja wa ndege. Kanada hatukufika.

Tulipofungua mlango wa nyumba yetu Al Wakrah, mji ulio kusini mwa Doha, baba alikuwa sakafuni, shati limelowa damu, bado anapumua. Alinitazama mimi.

"Umemwambia," alisema kwa sauti ndogo.

Nilidhani amenikasirikia, mpaka aliponishika mkono na asiuachie hadi hospitali.