Kisu cha Titani na Fundi Asiyeogopa Moto

Mguu wa mbuzi wa leo nimeununua mimi. Kwa roho safi kabisa. 😌

Ngojeni niwasimulie.

Baba Neema, yule anayepandisha wageni Mlima Meru, aliachiwa na mgeni kisu cha titani. Akakileta karakanani kwangu Olasiti nikifanye kigumu zaidi, kisiishiwe makali haraka.

Nikamwambia, "Titani siyo chuma cha sime. Ukiichoma kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu inafyonza hewa, uso wake unakuwa wa kuvunjika kama ganda la yai. Inataka tanuri lisiloingiza hewa, na mimi sina."

Elibariki, fundi jirani yangu, akacheka mbele ya mteja. "Mama Gift anaogopa moto huyo. Lete hapa!"

Akakichoma, akakitumbukiza kwenye oili chafu kama sime. Kikatoka na rangi ya bluu. Akakipiga picha, akairusha status: "Kazi za wanaume."

Nikasubiri siku ya kukabidhi. Mnanijua, sisahau!

Leo Elibariki anamkabidhi Baba Neema kazi. Nikatokea na mguu wa mbuzi, na mafundi wote wa mtaa nyuma yangu. "Tuonyeshe, fundi."

Akapiga mfupa pigo moja tu.

Makali yakameguka. Ufa ukapanda mpaka katikati ya kisu.

Baba Neema akakigeuzageuza kisu chake, akamwangalia Elibariki.

Elibariki akaninong'oneza, "Dada yangu, mwambie mteja mfupa ulikuwa mgumu."

Nikajibu kwa sauti, wote wasikie: "Mwambie mwenyewe. Mimi naogopa moto."

Nyama tumeichoma kwenye mkaa wake. Nimekosea wapi?