Mguso wa Tatu

Malith, fundi wa baiskeli kambini Kakuma, alivunjwa goti mwaka wa 2012 akikimbiza mpira mrefu. Tangu siku hiyo akawa kocha asiyetaka kuona mpira hewani. "Mguso wa kwanza tuliza, wa pili toa," aliwaambia vijana wake. "Asiyekaa na mpira atakanyagiwa nini?" Hoja hiyohiyo alimpa Aluong, mama yake Dut, mshambuliaji wake, aliyemkatalia mwanawe kwenda kucheza mechi Lodwar. "Nakuahidi, mama. Hataguswa."

Kipindi cha kwanza mpango ulikubali kabisa. Pasi fupi pembeni, nyuma, katikati tena, na wenyeji wakakimbizwa juani mpaka mate yakawakauka. Mmoja wao alimpiga Hilaire, kiungo wa Malith, kiwiko, jino likadondoka mchangani. Hilaire akatema damu, akatoa pasi, likawa bao. Ekwam, beki wa Lodwar, akamfokea Malith: "We mzee, hawa watoto wako wanacheza ama wanatuchunga kama mbuzi?"

Lakini mchezo huo una ubaya wake. Adui akichoka kuufuata mpira, hufuata miguu. Tena upepo wa alasiri ulianza, pasi zikawa zinafia njiani kwenye changarawe. Vijana wa Malith wakaporwa moja karibu na goli lao, wakafungwa. Moja moja.

Ndipo wanaume wa Kidinka waliokuja na lori kutoka kambini wakaanza kumwimbia Dut jina la fahali wa babake. "Makuei! Makuei!" Kijana wa Kidinka akiimbiwa fahali wake, mwili si wake tena, huinua mikono juu kama pembe. Dut akagusa mara moja. Mara mbili. Akainua mikono.

"Toa, Dut! Toa!" Malith akapiga kelele.

Akagusa ya tatu. Ekwam aliingia na miguu miwili, mfupa wa mguu wa Dut ukalia ko! kama kuni kavu. Mawe yakaruka, fimbo zikaruka. Malith na goti lake bovu alimkalia Ekwam kifuani, akampiga ngumi za uso mpaka jiwe likampasua yeye mwenyewe kisogo.

Kesho yake Aluong hakungoja maelezo. Aliuona mguu uliofungwa mbao, akanyakua mwiko, akamtandika Malith bega, shingo, kisha palepale penye jeraha. Damu ikaanza upya. Malith hakujikinga.

"Uliahidi!"

"Niliahidi, mama."

"Mama, muache," Dut akasema kutoka mkekani. "Mpira tulikuwa nao sisi tu, karibu mechi yote."

"Na mguu?" Aluong akainua mwiko tena. "Mguu ulikuwa na nani?"