Stroke imenifundisha kutojibu salamu nikivuka barabara

Wakuu, sasa. Hii sijaambiwa na mtu, imenipata mwenyewe hapa Njoro, na sitaongeza chumvi.

Mnanijua. Shule niliacha darasa la sita, nikaanza kwa kuosha boma za watu. Leo niko na ng'ombe kumi na tisa za maziwa na sijaandika hata moja kwa kitabu. Zote ziko kwa kichwa: jina, mama yake, siku ya kupandishwa.

Halafu stroke ikanigonga. Upande wa kushoto ukalala.

Baada ya miezi nikaanza kutembea na fimbo, nikajiona nimepona. Siku moja tunavuka lami na bibi yangu Nekesa, simu ikalia. Customer anataka mtamba wa ng'ombe yangu Malkia. Nikaanza kumjibu.

Mguu ukakataa. Katikati ya barabara! Lori inapiga honi, mimi nimesimama kama posti ya stima. Nekesa akanivuta na koti mpaka ikararuka.

"Baba Simiyu, unataka kufa ukiuza ng'ombe?"

Kwa kliniki, msichana wa physio, yule wa mazoezi ya viungo, akaniambia, "Mzee, tembea mpaka kwa ukuta ukitaja ng'ombe zako."

Nikacheka. "Hiyo tu? Leta ngumu."

Malkia, Tausi, Sukari... mguu ukasimama. Nikiangalia mguu, majina yanapotea. Nikitafuta jina, mguu unalala. Nilitoka jasho, wakuu.

Akaniuliza, "Stima ikipotea, mashine ya kukamua unafanyaje?"

"Nakamua na mkono."

"Na ukikamua na mkono, unashika simu?"

"Aah, siwezi, mikono yote iko kazi." Akasema zamani ubongo ulikuwa unatembesha miguu kama mashine. Sasa unafanya na mkono, hatua kwa hatua.

Mpaka leo nashangaa. Miaka yote najisifu na hiki kichwa, kumbe kazi kubwa kilikuwa kinafanya bila hata kuniambia.

Siku hizi natembea kwa boma nikitaja majina, Nekesa ameshika mshipi wangu nyuma. Nimefika ng'ombe ya kumi na moja. Hizo zingine nitafika, mnanijua.

Lakini kwa lami, simu anashika Nekesa. Juzi jirani aliniita nikivuka, "Mzee wa maziwa, niaje!" Nikanyamaza mpaka ng'ambo. Kugeuka nimjibu, ashaenda, ananung'unika ati nimeanza kuringa.

Kwa hivyo mgonjwa wa stroke akitembea, ngoja asimame ndio umsalimie. Wenye mnauguza mtu, wenu pia husimama akiongeleshwa? Niambieni.

Na wewe jirani, kama uko humu: poa sana. Nilikuwa tu natembea.