Tonge la Shukrani

Aibu hii hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, kila mtu anaijua tayari, hata vijana wa kabaza wanaobeba watu kwa baiskeli, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe jinsi ilivyokuwa, kisha mniache nipumzike.

Mimi ni mshonaji, na kanisani ndimi ninayeanzisha nyimbo, tangu tulipokuwa Bukavu. Basi koo likaniharibikia. Naamka asubuhi sauti imekauka, nakohoa, nasafisha koo katikati ya pambio, nasikia kama kuna kitu kimekwama pale, hakipandi wala hakishuki. Majirani wakasema kifua kikuu, wengine wakasema nimerogwa, shemeji yangu anayeishi mtaa wa Area 36 mjini Lilongwe akaniletea mizizi nichemshe, na kila mmoja nilimweleza upya mpaka nikachoka. Kumbe ilikuwa asidi ya tumbo. Hospitali kule Lilongwe waliniingiza kamera wakaniambia inapanda ninapolala na kuunguza koo. Nikameza vidonge bila nafuu, ndipo wakanipasua, wakaizungusha sehemu ya juu ya tumbo kwenye mrija wa chakula, kama ninavyokaza kiuno cha sketi, ili asidi isipande tena.

Daktari aliniambia wazi kwamba kwa wiki kadhaa ni uji, supu na vitu laini tu. Nsima, hiyo bugali yetu, hapana, soda hapana. Nikikaidi, mshono unaweza kuachia na koo lirudi kule kule.

Jumapili niliyorudi kanisani, wanakwaya wakaniandalia shukrani. Mnajua desturi yetu: aliyeponywa ndiye anayekula tonge la kwanza mbele ya wote, na kabla hajala hakuna anayegusa sahani. Masufuria ya bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki yamepangwa, watoto wanameza mate, na mimi nimekaa kiti cha mbele na kitenge kipya. Hapo ndipo ningesema kwamba daktari amenikataza. Lakini jamani, nilikuwa nimechoka kueleza! Tena Mama Asifiwe, aliyeshika nafasi yangu nilipokuwa nimelazwa, alikuwa ananikazia macho, nami nikajiambia wakijua bado naishi kwa uji watasema huyu hajapona, basi Mama Asifiwe aendelee.

"Mama Neema, kula sasa, bantu beko na njala," pasta akasema, kipaza sauti mkononi.

Nikakata tonge dogo (dogo kweli, kama la mtoto), nikachovya kwenye sombe, nikameza bila kutafuna, maana kwetu bugali haitafunwi, inamezwa. Likashuka mpaka katikati ya kifua, likakaa. Vigelegele! Mimi natabasamu na jasho linanitiririka. Nikaona nilisukume kwa soda. Haa! Gesi ikafika pale ikakuta mlango umefungwa, kushuka haishuki, kucheua siwezi, kifua kikabana nikajikuta nimesimama, mate yananitoka mdomoni, na nikitaka kusema unatoka mlio tu, na pasta, Mungu amsamehe, akausogezea mlio huo kipaza sauti.

"Roho eko anatumika!" mtu akapiga kelele.

Wengine wakaona huyo si Roho, ni pepo. Wakanizunguka wakikemea, mmoja anasukuma kichwa changu, mwingine ananinyunyizia maji, nami naonyesha kifua kwa kidole, na kila nikionyesha wanajibu "Amina!" Bakuli la sombe likamwagikia kitenge kipya. Mume wangu ndiye aliyepenya katikati yao.

"Mumuache! Haiko pepo, ni bugali njo imemufunga! Docta alimukatazia!"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Wakanipakia kwenye gari la muumini mmoja mpaka Lilongwe, natema mate kwenye kopo njia nzima, na wazo langu ni moja tu: mshono ukiachia, sauti imekwenda. Daktari akaingiza kamera, akalisukuma lile tonge taratibu, akatazama kwa muda. Mshono ulikuwa umeshika. Nililia, na sioni haya kusema.

"Nsima?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. "Pepani, amayi," akanipa pole, huku anazuia kicheko.

Niliporudi nyumbani, wa kwanza kubisha hodi alikuwa Mama Asifiwe, na chupa ya uji wa moto. Nikajiandaa kusemwa. Akakaa, akakohoa, akasafisha koo.

"Ungetuambia tu, dada. Tungekupikia uji, bantu bote bangengoja. Ile nafasi yako mi siitaki. Koo yangu nayo inakauka kila asubuhi, niliogopa kusema. Pale kanisani nilikuwa nakuangalia nijue kama kupasuliwa kunasaidia."

Nilimshika mkono tu.

Basi nimeapa. Siku nisipoweza kula nitasema siwezi, hata pasta akisimama na kipaza sauti na masufuria yapoe, maana huwezi kujua ni nani anayekutazama ili ajue kama na yeye atapona.