Njahi za Shosho na Lori la Mawe

Wiki jana lori la mawe ya kujengea liliingia kwetu, huku mashariki ya Thika, likamwaga mzigo na kuondoka kabla chai haijachemka. Utanicheka, lakini nilisikitika. Nilitaka linase, hata kidogo tu.

Nilipokuwa msichana mdogo, hapa palikuwa shamba la Shosho, nyanya yangu, la udongo mweusi tupu. Juu ungeuona mkavu, chini ni uji. Madereva wageni hawakuamini mpaka wazame. Tukisikia injini ikinguruma bure, sisi watoto tulitoka mbio, na Shosho alibandika githeri, mahindi na maharagwe, maana kwake hakuna aliyesukuma gari na njaa. Harufu ya vitunguu na ya dizeli, mpaka leo kwangu ni kitu kimoja.

Siku ninayoikumbuka zaidi, jirani yetu mwalimu alikuwa akijenga, na Shosho alimruhusu apitishie mawe shambani kwake. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulikuwa kumenyesha. Lori lilizama mpaka ekseli. Palipokuwa pagumu ni mbele yake tu, na hapo ndipo Shosho alikuwa amepanda njahi, zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe anazopikiwa mama akijifungua. Mama yangu alikuwa amebakisha wiki chache. Msimu uliopita mvua ilikataa, kwa hivyo njahi za mwaka ule zilikuwa hizo hizo.

"Shosho, ni mistari kidogo tu nitakanyaga," dereva akabembeleza.

Shosho akasimama mbele ya lori, jembe mkononi. "Wee! Hiyo ni chakula ya mzazi. Ukitaka kupita hapo, anza na mimi."

Dereva akamgeukia mwalimu. Mwalimu aliyaangalia mawe yake kwa muda mrefu, kisha akavua koti.

"Haya, shusheni," akasema. "Tutandike nyuma, arudi rivasi."

Tulishusha mawe kutwa nzima, wanaume wakibeba, sisi watoto tukiviringisha. Lililotandikwa lilizama, tukaweka lingine juu yake. Tulisimama kula githeri tu, matope mpaka kwenye viwiko. Alasiri lori lilitoka tupu mpaka getini, watu wakapiga makofi kama harusini. Nyumba ya mwalimu ilichelewa mwaka mzima. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na Shosho alimpelekea maziwa kila asubuhi mpaka alipoezeka. Mama naye alijifungua mvulana, akala njahi mpaka akaomba apumzishwe.

Shosho na mwalimu walishatuacha. Ploti zimejaa nyumba za kupangisha, na lori likija siku hizi kila mtu anafunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Sinung'uniki. Tuna maji ya mfereji, na huyo mvulana wa njahi sasa ndiye anayejenga. Nilimuuliza kama hakuogopa lori lingenasa.

"Hapa? Acha mchezo, siz," akasema, akipiga chini kwa kisigino. "Hapa hapajawahi kunasa gari. Hii ardhi ni ngumu tangu zamani."

Nikamwambia alete jembe. Alichimba kidogo tu, likagonga jiwe. Akasogea hatua mbili kuelekea getini, akagonga lingine. Akaniangalia.

Nikabandika chai, nikaanza kumweleza yaliwekwa hapo kwa ajili ya nani.